Huoni hedhi na unatafuta mtoto: yanayosemwa kuhusu kupima yai, na ukweli wake

Mwanamke aliyekaa miezi minne bila kuona siku zake huku akitafuta mtoto hakosi washauri: wifi, jirani, muuzaji wa duka la dawa, na video zisizoisha kwenye simu. Shida ni kwamba karibu ushauri wote huo umetengenezwa kwa mtu anayepata hedhi kila mwezi, mwenye siku ya kwanza ya kuanzia kuhesabu. Yeye hana pa kuanzia. Ndiyo maana hupoteza muda na pesa, na mara nyingi hujilaumu bure.

"Kama huoni hedhi, huwezi kushika mimba."

Si kweli. Yai hutoka kwanza. Hedhi hufuata wiki mbili hivi baadaye, kama mimba haikutunga. Kwa hiyo hata aliyekaa mwaka mzima bila damu anaweza kushika mimba kwa yai la kwanza kutoka, kabla hajaona hata tone. Wanaonyonyesha wanalijua vizuri hili: mama anasema hajaona siku zake tangu ajifungue, kumbe ana mimba ya miezi minne. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee, mchana na usiku, huzuia mimba kwa takriban asilimia 98 katika miezi 6 ya kwanza, mradi hedhi haijarudi. Uji ukianza, kinga hiyo inalegea.

Basi kipimo cha kwanza kabisa ni cha mimba. Wengi hukiruka kwa sababu wameshakata tamaa.

"Meza vidonge vya kushusha hedhi. Ukiona damu, yai limerudi."

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, maana inampa mtu furaha isiyo na msingi. Vidonge kama norethisteroni vina homoni inayofanana na projesteroni, ile ambayo mwili huitoa kwa wingi baada ya yai kutoka. Ukivimeza siku kadhaa kisha ukaacha, ukuta wa ndani wa kizazi hubomoka na damu inatoka. Yai huenda halikuhusika kabisa. Damu anayoona anayetumia vidonge vya majira ni ya namna hiyo hiyo.

Hata hivyo damu hiyo humwambia daktari jambo: kwamba mwili unatengeneza estrojeni, homoni ya kike, ya kutosha kujenga ukuta wa kizazi, na kwamba njia ya kutokea iko wazi. Isipotoka, atafikiria estrojeni kuwa chini, au makovu ndani ya kizazi, hasa kwa aliyewahi kusafishwa baada ya mimba kuharibika. Ni kipimo chenye maana mikononi mwa anayejua kukisoma. Kununua dukani kila mwezi ili "hedhi ije" hakukusogezi karibu na mtoto.

"Yai hutoka siku ya 14."

Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, huenda. Kwako wewe namba hiyo haina maana, na programu ya simu inayokuonyesha "siku za hatari" inakisia tu kutokana na hedhi zilizopita.

"Kijiti kikionyesha mistari miwili, yai limetoka."

Vijiti vya mkojo hupima LH, homoni ya ubongo inayoamuru yai litoke, ambayo hupanda ghafla saa 24 hadi 36 hivi kabla ya yai kutoka. Tofauti na kipimo cha mimba, mstari wa pili uliofifia hapa si jibu. LH huwa kwenye mkojo siku zote, kwa hiyo mstari wa kipimo lazima ukolee sawa na ule wa kulinganishia, au kuuzidi. Na hata ukikolea, unasema mwili umejiandaa. Hauthibitishi kwamba yai limetoka.

Sasa angalia nani hasa hukosa hedhi. Kundi kubwa ni wenye PCOS, hali ya homoni inayowapata takriban mwanamke 1 kati ya 10. Wengi wao LH iko juu muda wote, kwa hiyo vijiti vinaweza kukolea siku nyingi mfululizo bila yai lolote. Mwanamke ambaye ovari zake, yaani viungo vinavyotunza mayai, zimedhoofika kabla ya miaka 40 naye ataona mistari iliyokolea, kwa sababu ubongo unazidi kuzisukuma ovari zisizoitikia. Upande wa pili yuko aliyekonda sana, anayejinyima chakula, anayefanya mazoezi makali au aliyebanwa na msongo mkubwa: LH yake iko chini, na atachovya vijiti wiki nzima bila kitu. Kijiti kilekile, matokeo matatu, na hakuna hata moja linaloeleza sababu.

"Ute unaovutika ni uthibitisho."

Ute mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama wa yai bichi, unaonyesha estrojeni imepanda. Ni dalili nzuri ya kukutana na mume siku hiyo. Ila mwenye PCOS anaweza kuuona, ukapotea, ukarudi, mara kadhaa, kila mwili unapojaribu na kushindwa.

Kinachothibitisha nyumbani ni joto la mwili. Pima kila asubuhi, saa ileile, kabla hujainuka kitandani wala kuongea na mtu, na uandike. Baada ya yai kutoka, joto hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 za Selsiasi na kubaki juu siku tatu na zaidi. Yai litakuwa limeshapita, lakini kwa asiye na hedhi taarifa hiyo ina thamani kubwa: sasa una siku ya kuhesabia. Zikipita zaidi ya wiki mbili joto likiwa bado juu, pima mimba. Malaria, zamu za usiku na kuamka kumnyonyesha mtoto huvuruga vipimo hivi.

"Nilipimwa damu siku ya 21, nikaambiwa yai halitoki."

Siku ya 21 ya mzunguko upi? Projesteroni hupimwa siku saba hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa. Asiyeijua siku hiyo hupimwa zaidi ya mara moja, au hufuatiliwa kwa utrasaundi inayoonyesha kifuko cha yai kikikua.

"Sindano ya uzazi wa mpango imeniharibu kizazi."

Sindano ya miezi mitatu huchelewesha tu. Wastani wa kushika mimba ni miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na wengine huvuka mwaka. Haiui mayai.

"Ni chango, safisha kizazi."

Dada, tafadhali usiweke chochote ukeni. Hedhi ikikatika miezi mitatu, au sita kama ilikuwa ya kurukaruka, nenda ukapimwe, bila kusubiri ule mwaka mmoja wa kujaribu wanaoambiwa wenye hedhi. Omba waangalie prolaktini (homoni ya maziwa), tezi ya shingo, FSH (homoni ya ubongo inayokuza mayai) na LH, pamoja na utrasaundi. Waeleze kama maziwa yanatoka bila kunyonyesha, au kama ulimwaga damu nyingi sana ulipojifungua na maziwa hayakuja. Hilo la pili linaweza kumaanisha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayotoa homoni hizi, iliumia. Kila sababu ina tiba yake. Kwa PCOS, dawa inayopendekezwa kwanza kuamsha yai ni letrozoli, chini ya uangalizi.

Wakati unasubiri majibu, kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu. Mbegu huishi ndani ya mwili hadi siku tano, yai halizidi saa 24. Na mbegu za mume zipimwe mapema, kabla hujaanza kumezeshwa dawa za kuamsha yai mwezi baada ya mwezi.