MRI kwa watoto wachanga: tunaogopa mionzi isiyokuwepo

Bibi mmoja wa Majengo alinifuata mpaka mlango wa chumba cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, mjukuu wake wa wiki sita amemkumbatia kifuani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka, kisha akainama sikioni mwangu: "Mwanangu, hiyo mionzi haitamkausha damu mtoto?"

Kazi yangu ni kupiga picha hospitalini, hapa Mombasa, na swali hilo hunifikia mara kwa mara. Silidharau hata kidogo. Kumlaza mtoto mchanga ndani ya mashine yenye umbo la pipa si jambo dogo. Kinachoniuma ni kuwa hofu yote huishia kwenye mionzi ambayo haipo, na yale ya kuangaliwa kwa makini yanapita bila mtu kuuliza. Haya hapa ninayoyasikia zaidi, na majibu yangu.

"MRI ni eksirei kubwa."

Sivyo. Eksirei na CT skani hutumia mionzi inayoweza kudhuru chembe za mwili. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Miili yetu imejaa maji na mafuta, na humo mna haidrojeni. Viini vya haidrojeni hujipanga kufuata sumaku, mawimbi ya redio huvisukuma, navyo vinaporejea mahali pake hutoa ishara hafifu ambayo kompyuta huigeuza picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003 kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana mtoto atakayehitaji picha nyingi hupelekwa MRI inapowezekana. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa CT za utotoni huongeza kidogo hatari ya saratani ya damu na uvimbe wa ubongo. Lakini mzazi asiikatae CT kwa sababu hiyo: mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akagonga kichwa anahitaji jibu la dakika chache, na CT ndiyo inayolitoa.

"Bila nusukaputi haiwezekani."

Hapa ndipo mambo yamebadilika sana.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu hivi, wakati mwingine hata wa miezi sita, mara nyingi hahitaji dawa yoyote ya usingizi. Yule mjukuu tulimchelewesha kunyonya kidogo, mamake akamnyonyesha palepale mlangoni mpaka akatosheka, tukamviringa kwa leso ya pamba. Kisha tukamlaza kwenye mfuko wenye vishanga vidogo ndani. Hewa ikifyonzwa, mfuko huo hushika umbo la mwili na kumkumbata mtoto kama mikono ya mamake. Taa tukazipunguza. Akalala.

Kwa picha ya tumbo, kulala peke yake hakutoshi. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, na huwezi kumwambia abane pumzi. Figo na ini hupanda na kushuka, picha ikatoka kama ile uliyopiga kwa simu ukiwa ndani ya matatu. Siku hizi mashine husikiliza pumzi na kuchukua ishara pale kifua kinapotulia. Mbinu nyingine huchukua ishara kwa mistari inayopita katikati kama spoku za baiskeli. Kwa kuwa sehemu hiyo ya katikati hupimwa tena na tena, mtikisiko mdogo hauharibu kitu. Mwaka 2007 Michael Lustig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia ya kupima sehemu tu ya ishara, kisha hesabu ikajaza zilizobaki, na madaktari wa watoto wa hukohuko wakaanza kuitumia kwenye picha za tumbo. Ukiongeza antena nyingi ndogo zinazopokea kwa pamoja, na sasa akili bandia ya kusafisha picha, kilichochukua dakika nyingi huchukua chache.

Hata hivyo mtoto wa miaka miwili au mitatu anayerusha miguu bado huenda akahitaji nusukaputi, na kwa hilo pia hofu imezidi kipimo. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu nusukaputi ya zaidi ya saa tatu, au ya kurudiarudia, kwa walio chini ya miaka mitatu. Utafiti mkubwa uliofuatilia watoto mpaka umri wa miaka mitano, matokeo yakatoka mwaka 2019, uliona kuwa mara moja, kwa muda usiofikia saa moja, haikuathiri ukuaji wa akili. Muulize daktari kama inahitajika. Akisema ndiyo, usikimbie.

Ila fuata masharti ya kufunga. Mama mmoja alivuka feri ya Likoni alfajiri na mwanawe wa miaka minne. Mtoto akalia njaa njia nzima, na mtu mwenye huruma akamkatia nusu hamri. "Hajala kitu, dada, ni hamri tu," aliniambia. Ilibidi tuahirishe, mama akalia pale kwenye benchi, nami sikuwa na la kumfariji. Tumbo likiwa na chakula, kinaweza kupanda wakati wa usingizi na kuingia mapafuni. Kwa kawaida chakula na maziwa ya kopo huachwa muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Uji ni chakula. Chai ya maziwa si maji.

"Sumaku huwashwa wakati wa picha tu."

Dhana hii inaweza kuua. Sumaku hizi hupozwa kwa heliamu ya majimaji, umeme huzunguka ndani yake bila kupotea, nazo hukaa na nguvu usiku na mchana. Stima ikipotea mtaa mzima, sumaku bado ipo. Ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu mara 30,000 au zaidi ya ile ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Mwaka 2001 huko New York mtoto wa miaka sita alifariki baada ya mtungi wa oksijeni kuvutwa na sumaku akiwa ndani ya mashine.

Kwa hiyo nikikuomba umvue mtoto kila kitu, sikukashifu wala sikudharau mila. Hirizi yenye kikopo cha bati, pini ya nepi, bangili, kipini cha nywele, gauni lenye nyuzi zinazometa: vyote vibaki nje. Wanja pia ufutwe, kwani baadhi ya rangi za macho zina chembe za chuma.

"MRI ni ya kichwa na uti wa mgongo."

Si hivyo tu. Hapa Pwani tuna watoto wengi wa seli mundu, wapo pia wa thalasemia, yote magonjwa ya damu ya kurithi. Anayeongezwa damu mara kwa mara hukusanya chuma kwenye ini na moyo, na mwili hauna njia ya kukitoa. Zamani kukipima kulihitaji sindano ndani ya ini. MRI huona jinsi chuma kinavyoharakisha kufifia kwa ishara, na kasi hiyo hugeuzwa kipimo, bila sindano ya ini. Daktari hujua lini aanze dawa ya kuondoa chuma. Vilevile MRI huonyesha mkojo uliokwama kwenye figo, njia za nyongo, vidonda vya utumbo, na saratani mwili mzima. Mapafu bado ni magumu kwa kuwa yamejaa hewa.

"Dawa ya kung'arisha picha ni sumu."

Dawa hiyo ni gadolini, aina ya metali, iliyofungwa ndani ya molekuli nyingine. Dawa ambazo molekuli zake haziishiki vizuri zilihusishwa mwaka 2006 na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa wenye figo zilizofeli, na mwaka 2017 Ulaya ilisimamisha kadhaa. Zenye molekuli ya umbo la pete huishika kwa nguvu zaidi. Figo za mtoto mchanga hazijakomaa, basi uliza kama picha inaweza kukamilika bila dawa hiyo. Mara nyingi inawezekana.

"Kelele zitamtoboa masikio."

Bila kinga zingeweza kumdhuru, kwa sababu hupita desibeli 100. Yule mjukuu tulimtia vizibo laini masikioni na vifuniko juu yake. Mashine iligonga na kunguruma, bibi akisoma dua kando yangu nyuma ya kioo, na mtoto hakufumbua jicho. Alipotolewa, bibi alitoa hirizi mfukoni na kumfunga tena mkononi, taratibu, asimwamshe.