Mkonge haukufa siku ya pili baada ya Azimio la Arusha, jamani

Wiki jana nipo kwenye basi natoka Muheza kwenda Korogwe, tunapita mashamba ya mkonge, jamaa pembeni yangu kanyoosha kidole dirishani: "Mzee unaona haya mapori? Yote haya Nyerere. Katangaza kutaifisha leo, kesho yake mkonge umekufa, na Tanga ikafa nao." Sikumjibu, nilikuwa nimechoka na basi lenyewe limejaa. Lakini hii hadithi nimeisikia msibani, nimeisikia kijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp ndo usiseme, nimefika shingoni, kwa hiyo leo naandika.

Mimi ni bwana shamba wa mkonge, miaka ishirini na ushee sasa. Kitu cha kwanza nilichokiona pale dirishani ni milingoti, yale mashina marefu ya maua ya mkonge, imejaa shamba zima kama nguzo za umeme. Mkonge ukishapiga mlingoti umemaliza kazi, unatoa vikonyo, yaani vichipukizi vya kupanda, kule juu halafu unakufa. Shamba likijaa milingoti maana yake kuna mtu miaka kumi nyuma, au zaidi, alipanda halafu hakuna aliyepanda tena. Hiyo kitu "kupanda tena" ishikeni, ndo mada yenyewe.

Ya Wajerumani napita haraka. Dk. Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, asili yake ni Mexico huko, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Miaka minne tu kabla ya hapo walikuwa wamemnyonga Abushiri hapohapo Pangani. Mwaka uleule wa 1893 reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga mjini, ikafika Moshi 1911. Vita ikaja, Mwingereza akachukua nchi, mkonge ukaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Hata lile neno korona la kinu cha kuchakata ni jina la mashine ya Kijerumani, halina uhusiano na ule ugonjwa, maana nako niliulizwa.

Halafu watu. Wenyewe wa mkoa huu, Wabondei, Wadigo, Wazigua, Wasambaa, walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na haraka ya kwenda kukata majani ya mwenzao kwa kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30, na hapo ndo likazaliwa lile jungu la "watu wa Tanga wavivu". Mtu anayejilimia muhogo wake na minazi yake mnamwita mvivu kwa sababu amekataa kazi yenu? Basi wakaletwa manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji, Ruanda-Urundi, na 1944 wenye mashamba wakaunda kabisa ofisi ya kuwasaka, SILABU. Nenda kambi yoyote ya mkonge leo utakuta kijana babu yake Muha, bibi yake Mmakonde, na yeye anaongea Kibondei na anashangaa ukimuuliza kwao wapi.

Sasa turudi kwa jamaa wa kwenye basi. Mkonge sio mchicha. Kitaluni unakaa mwaka na zaidi, ukienda shambani unasubiri kama miaka mitatu ndo ukate mara ya kwanza, halafu unaendelea kukata miaka mingi mpaka mlingoti. Kwa hiyo tani unazoziona leo ni uamuzi wa mtu wa zamani. Zile tani 230,000 hivi za mwaka 1964, ambazo kila mtu anazililia, sehemu kubwa zilitoka kwenye mikonge iliyopandwa miaka ya 50, baada ya vita vya Korea kupandisha bei na kila mwenye shamba kupagawa. Bei ikaanza kuporomoka baada ya hiyo 1964 yenyewe, Brazil nao wanamwaga mkonge sokoni, na kamba za plastiki zikaingia kwa wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wanafungia nyasi zao kwa katani yetu. (Jamaa mwenyewe gunia lake alilifunga kwa kamba ya plastiki ya bluu. Nililiona.)

Ilipofika Februari 1967, Azimio lilipotangazwa, bei ilishaanguka karibu nusu, na kuna mabwana binafsi, sio serikali, walikuwa wameshaacha kupanda upya, wengine wanakata majani mpaka mkonge unabaki kama brashi ya choo ili wavune pesa ya mwisho waondoke. Na haikutaifishwa yote, mashamba mengine yalibaki kwa wenyewe. Mwaka 1970 bado tulikuwa kwenye tani 200,000 hivi! Huyo maiti gani anatoa tani laki mbili?

Haya, sasa msije mkasema natetea. Shirika la mkonge la serikali nalo halikupanda vya kutosha, korona zilikaa bila vipuri, mameneja wakawa wanabadilishwa kama soksi, na bei ilipopanda na mafuta miaka ya 1973 na 74 tukakosa majani ya kukata. Mwisho wa miaka ya 90 tupo kama tani 20,000. Nikijaribu kutenganisha, hii sehemu ni ya bei, hii ya Azimio, hii ya uzembe, huwa nashindwa, na nimekaa na wazee wa korona usiku mzima tunabishana, kila mmoja ana jibu la shamba lake. Kenya hawakutaifisha na wao pia hawazalishi kama zamani. Ila wao walipanda zaidi yetu, hilo linaniuma.

Siku hizi mtu akitaja uchumi wa Tanga ni bandari, saruji, machungwa ya Muheza, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani. Sawa. Mimi nina kitalu cha hybridi 11648, ile iliyozalishwa hapa kwetu kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, inatoa majani mara mbili na zaidi ya mkonge wa Hindorf ila inakula rutuba kama mchwa, na kama kuna mtu ameirudishia ardhi yake mabaki ya korona miaka mitatu mfululizo naomba aniambie amepata nini, maana kwangu shamba moja limekubali na la pili, udongo uleule, limegoma.

Vuli zikikaa sawa nahamisha miche mwezi ujao.