Je, maziwa huosha risasi, ile metali yenye sumu (lead), mwilini?

Mafundi wengi wanaokwangua rangi za zamani au kupasua betri za magari humaliza kazi kwa pakiti ya maziwa, wakiamini yanaosha sumu kifuani. Hayaoshi. Maziwa hushuka tumboni, ilhali moshi na vumbi la risasi lililovutwa kwa pumzi huingia mapafuni na kupenya kwenye damu. Njia hizo mbili ni tofauti. Risasi ikishatoka kwenye damu na kufika kwenye ubongo, hakuna chakula kilichothibitishwa kuitoa: si maziwa, si dhania, si maji ya ndimu ya asubuhi. Dhania imesifiwa sana, lakini mengi ya majaribio yake yamefanywa kwa panya. Kitunguu saumu kilipunguza risasi kwenye damu ya wafanyakazi wa kiwanda cha betri huko Iran, katika utafiti mdogo uliochapishwa 2012. Huo ni ushahidi wa damu, si wa ubongo.

Chakula hulinda mapema zaidi, utumboni, na hulinda dhidi ya risasi inayomezwa: vumbi la vidoleni, udongo wanaokula wajawazito, wanja unaofikishwa mdomoni na mikono ya mtoto.

Utumbo hauna njia maalumu ya risasi. Risasi hupanda vibebeo vya madini ya chuma na kalsiamu. Chukulia matatu za Likoni: abiria wa chuma wakijaza viti, risasi huachwa stendi na hatimaye hutoka na choo. Viti vikiwa vitupu, hupanda yenyewe. Tena mwili wenye upungufu wa chuma huongeza matatu barabarani ili uokote kila chembe ya chuma, na hizo za ziada hubeba risasi pia. Ndiyo maana mtu mzima aliyekula hufyonza takriban asilimia 10 tu ya risasi aliyoimeza, na mwenye njaa huweza kupita asilimia 60. Watoto wadogo hufyonza hadi nusu.

Basi maziwa yanywewe kabla ya kazi, pamoja na chakula, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni. Maharagwe au mchicha ukamuliwe ndimu, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Dagaa waliwe na miiba yao, ndiko kalsiamu iliko. Chai ya rangi isubiri saa nzima baada ya mlo, kwani huzuia chuma cha mboga na nafaka.

Anayeishi karibu na palipoyeyushwa betri, kama mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kilifungwa 2014, apime damu. Mtoto akifika mikrogramu 45 za risasi kwa desilita ya damu hupewa dawa ya kuitoa hospitalini. Chini ya hapo, jaribio la Marekani lililochapishwa 2001 kwa watoto wa mikrogramu 20 hadi 44 lilionyesha kwamba dawa hiyo ilishusha risasi kwenye damu, lakini alama zao za vipimo vya akili hazikuwapita wenzao wasioinywa.