Programu za polinomia ya kigeu kimoja

Fundi bati wa Mabatini, Mwanza, ana bati la sentimita 60 kwa 40. Anakata kona nne, kila moja mraba wenye ubavu x, kisha anakunja pande ziwe boksi lisilo na mfuniko, la kubebea chambo. Ujazo wake ni x(60 − 2x)(40 − 2x). Mvuvi akitaka lita 8, yaani sentimita za ujazo 8,000, ukirahisisha unapata:

x³ − 50x² + 600x − 2000 = 0

Upande wa kushoto ni polinomia ya kigeu kimoja: x peke yake, ikiwa na vipeo vya namba nzima, kila kipeo kikizidishwa na namba yake, halafu vyote vikajumlishwa.

Programu huhifadhi zile namba tu, kwa mpangilio. Hapo ndipo wengi hunaswa. Katika NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya programu Python, chombo kipya kiitwacho Polynomial huanza na namba isiyo na x: [−2000, 600, −50, 1]. Amri ya zamani, roots, huanza na kipeo kikubwa: [1, −50, 600, −2000]. MATLAB, programu nyingine ya hesabu, nayo ni hivyo hivyo. Ukigeuza mpangilio, hupati onyo lolote. Penye 10 utaletewa 0.1, maana kila jibu linakuja likiwa moja gawanya kwa jibu sahihi. Kipeo kisichokuwepo nacho kiandikie 0, la sivyo namba zote zinasogea.

Majibu ni matatu: 10, 5.86 na 34.14. SymPy, maktaba nyingine ya Python, isiyokadiria, itaandika la pili kuwa 20 − 10√2. La tatu ni upuuzi kwa fundi, kwani bati lenye upana wa 40 halikatwi 34 kila upande, ila programu haijui habari za bati. Mawili yanayobaki yote yanatoa lita 8. Kwa chambo ndani ya mtumbwi ningechagua kina cha 10. Hicho kingine ni trei ya kuokea mikate.

Kuanzia kipeo cha tano hakuna kanuni ya jumla ya kutoa majibu kwa vipeuo (kama √). Mwanahisabati Abel wa Norway alithibitisha hilo mwaka 1824. Kwa hiyo NumPy hukadiria kwa njia ya matriksi. Kwa kawaida inatosha, lakini si siku zote. Zidisha (x − 1), (x − 2) hadi (x − 20), kisha punguza namba ya x¹⁹, ambayo ni −210, kwa takriban 0.00000012 tu: majibu kumi kati ya ishirini yanageuka namba changamano, yaani zenye kipeuo cha pili cha −1 ndani yake. Mwanahisabati Wilkinson wa Uingereza ndiye aliyeonyesha hilo. Kwa polinomia za aina hiyo ningetumia programu ya hesabu PARI/GP, unakojipangia idadi ya tarakimu, hata kama inachukua muda zaidi.