Kulaani si kulaumu

Juzi nimelisikia tena neno hili, kulaani, na safari hii limenikaa kooni. Mwanasiasa ameshambuliwa, habari bado mbichi, na mtu mwenye elimu yake anasema: "Nalaani kitendo hiki, lakini naye alizidi." Mwenzake akadakia kwamba yeye anakilaani chama kizima cha aliyefyatua risasi. Wa tatu, kwa sauti kubwa kuliko wote, akauliza mbona hao wanaolaani leo hawakulaani siku alipopigwa mtu wa upande wake. Watu watatu, neno moja, na hakuna hata mmoja aliyelitumia kwa kazi yake.

Maana nitaisema haraka. Kulaani ni kutamka hadharani kwamba kitendo fulani ni uovu na kwamba wewe huna fungu ndani yake. Basi. Neno hili halitafuti nani kafanya, halielezi chanzo, wala halimsifu aliyeumizwa. Kilichobaki ni asili yake, na asili hiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini sentensi zile tatu zinakwaruza sikio.

Neno limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa herufi tatu: lam, ayn na nun. Wanakamusi wa Kiarabu wanapoufafanua mzizi huu huanza na kufukuza na kuweka mbali. Aliyelaaniwa ni aliyetengwa na rehema. Ndiyo maana katika Kiswahili cha dua na mawaidha Shetani huitwa maluuni: si kwa sababu ametukanwa, bali kwa sababu amefukuzwa. Ndani ya laana, basi, kuna umbali. Anayelaani anasogea mbali na jambo, na anataka watu waone kwamba amesogea.

Tunalo pia neno la Kibantu linalokaribiana nalo, kuapiza, nalo limezaliwa na kuapa. Hapo napo kuna jambo la kutazamwa kwa utulivu. Anayeapa anajifunga mwenyewe kwa kinywa chake. Neno likitoka, la kwanza kubanwa nalo ni yeye. Katika sheria ya Kiislamu kipo kiapo kiitwacho liani, ambacho jina lake limetoka kwenye mzizi uleule wa laana. Mume anayemtuhumu mkewe kwa zinaa bila mashahidi huapa mara nne kwamba anasema kweli, na mara ya tano husema laana ya Mungu iwe juu yake ikiwa ni mwongo. Mke naye akikana huapa mara nne, na ya tano husema ghadhabu ya Mungu iwe juu yake ikiwa mume ni mkweli. Tazama laana ile inakoelekea. Haimwendei mwenzake. Inatua juu ya kichwa cha msemaji, kama dhamana. Wazee nao waliiogopa laana kwa sababu hiyohiyo: waliamini kwamba isiyo ya haki humrudia aliyeitoa. Neno lilikuwa na gharama, na gharama yake ililipwa na anayelitamka.

Sasa lugha ya habari ikaja ikaliazima. Ilihitaji neno la kutafsiri neno la Kiingereza condemn, ambalo asili yake ni Kilatini, damnare, na hilo ni neno la mahakama: kumtia mtu hatiani na kumpa adhabu. Nadhani mkanganyiko ulianzia hapo. Neno la kujitenga likabebeshwa kazi ya kuhukumu. Na hukumu inahitaji mshtakiwa, kwa hiyo asipokuwepo hutafutwa. Baadaye wakaongeza "vikali", na sasa hakuna taarifa inayolaani bila kulaani vikali, kana kwamba uzito wa laana unakaa kwenye kielezi.

Kumbe neno la kumtafuta mwenye kosa tunalo siku zote. Ni kulaumu. Yanafanana kidogo kwa sauti, yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, lakini mizizi yake ni tofauti na kazi zake ni tofauti. Lawama inamhitaji mtu: nani alifanya, nani alimtuma, nani alimjaza maneno, nani alikuwa na wajibu wa kulinda na hakulinda. Lawama inaweza kugawanywa, huyu akabeba kubwa na yule ndogo. Na kwa kuwa inamgusa mtu, inahitaji ushahidi, na ushahidi huchukua muda. Laana haihitaji muda huo. Kwamba mtu hapaswi kuuawa kwa ajili ya maneno yake ni jambo unaloweza kulisema dakika ileile, hata kama hujui nani kaua na kwa nini.

Tarehe 10 Septemba 2025 Charlie Kirk, mwanaharakati wa siasa za mrengo wa kulia, alipigwa risasi na kuuawa akizungumza mbele ya umati katika chuo kikuu cha Utah Valley, mjini Orem, Marekani. Ilipita zaidi ya siku nzima kabla mshukiwa hajawa mikononi mwa polisi. Katika muda ule kulaani kuliwezekana kikamilifu, na kulaumu hakukuwezekana kabisa, maana hapakuwa na wa kulaumiwa anayejulikana. Wengi wakafanya kinyume. Wakataja upande mzima kuwa muuaji kabla mtu yeyote hajawa na jina. Na nimewasikia wengine, kwa nia njema nadhani, wakisema tungoje uchunguzi kwanza ndipo tulaani. Uchunguzi hauwezi kugundua kwamba kuua ni kubaya. Hilo halikuwa likichunguzwa.

Sarufi yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha mtendwa, ile silabi ndogo inayoutangulia mzizi, nayo hukuambia neno linamwendea nani. Nakilaani: kitendo. Namlaani: mtu. Nawalaani: wao wote. Msikilize mtu baada ya shambulio la kisiasa na uifuate silabi hiyo tu, uyaache maneno mengine yote. Anaanza na "ki", akifika katikati ya maelezo yuko kwenye "m", na kabla hajamaliza ameshafika kwenye "wa". Kila hatua imepanua watu wanaobeba damu. Kwenye "ki" hakuna mtu bado. Kwenye "m" yuko mmoja. Kwenye "wa" wamo mamilioni ambao asubuhi ile walikuwa kazini. Mgawanyiko wa vyama baada ya damu kumwagika hupita katika upenyo huo mdogo, na wengi huupita bila kujua wameupita. Tena chama nacho kiko katika ngeli ya ki-vi, pamoja na kitendo. Kwa hiyo "nakilaani" inaweza kuteleza kutoka kwenye kitendo hadi kwenye chama na sikio lisishtuke. Yule mtu wa pili niliyemtaja mwanzo aliteleza hivyo hivyo. Sidhani alikusudia.

Mfano wa neno hili likifanya kazi yake upo. Tarehe 14 Juni 2017, mjini Alexandria, Virginia, mtu mmoja aliwafyatulia risasi wabunge wa chama cha Republican waliokuwa wakifanya mazoezi ya besiboli. Steve Scalise, mmoja wa viongozi wao bungeni, alijeruhiwa vibaya sana. Siku hiyohiyo seneta Bernie Sanders alisimama kwenye Seneti. Hakuwa Republican, na siasa zake na za Scalise hazikukutana popote. Alianza kwa kusema kwamba ameambiwa mshukiwa inaonekana aliwahi kujitolea katika kampeni yake ya urais. Kisha akasema kitendo kile kimemtia kichefuchefu, kwamba vurugu za aina yoyote hazikubaliki, na kwamba anakilaani.

Mpangilio ule una maana. Uhusiano wenye kumwumiza aliutaja kwanza, kwa kinywa chake. Laana ikafuata. Alikuwa na kila sababu ya kutafuta maneno ya kujikinga: kwamba hamjui, kwamba waliojitolea walikuwa wengi, kwamba upande wa pili nao una wake. Hakuyatumia kuipunguza laana. Na "ki" yake ilibaki kwenye kitendo. Hiyo ndiyo laana yenye dhamana ndani yake, ya namna ile ya kiapo cha liani.

Nirudi kwa yule wa kwanza, maana ndiye anayenisumbua zaidi. "Nalaani, lakini." Neno lakini nalo ni la Kiarabu, na wanasarufi wa Kiarabu wanalo jina la kazi yake: istidiraki. Maana yake ni kuwahi kusahihisha dhana iliyoanza kujengeka kwa msikilizaji kutokana na maneno yaliyotangulia. Nikisema "Fulani ni tajiri", utaanza kudhani ni mkarimu. Nikisema "lakini ni bahili", nimeiwahi dhana yako kabla haijakomaa. Sasa liweke baada ya nalaani. Nimetamka kwamba niko mbali na kitendo. Wewe umeanza kuamini kwamba niko mbali nacho. Kisha nasema lakini, maana yake naona umeanza kuamini hivyo, nikusahihishe. Nimerudi nilikotoka. Anayesema "naye alizidi", "alijitakia", "malipo ni hapa hapa duniani", ametumia nusu ya pili ya sentensi kuifuta nusu ya kwanza, na sarufi ndiyo iliyomfutia, hata kama moyoni hakutaka.

Kwa nini basi watu wema wanalihitaji hilo lakini? Nimeliwaza sana. Naamini wanaogopa kwamba wakilaani na kunyamaza wataonekana wanamsifu aliyepigwa. Waliyachukia maneno yake kwa haki, pengine maneno hayo yaliwaumiza wao wenyewe au watoto wao, na sasa wanahisi kwamba nukta baada ya "nalaani" itakuwa msamaha ambao hawajautoa. Woga huo nauelewa na siudharau. Lakini unatokana na kulibebesha neno maana lisiyokuwa nayo. Kulaani shambulio hakumsafishi aliyeshambuliwa.

Shirley Chisholm alilijua hilo vizuri. Mwaka 1972 alikuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais wa Marekani, naye ndiye mwanamke mweusi wa kwanza aliyewahi kuchaguliwa katika bunge la nchi hiyo. George Wallace, gavana wa Alabama, alikuwa akiwania uteuzi huohuo. Ndiyo, walikuwa chama kimoja, lakini ni vigumu kupata watu wawili waliotengana zaidi: Wallace ndiye aliyeapishwa kuwa gavana mwaka 1963 akitangaza kwamba ubaguzi wa rangi utadumu milele. Tarehe 15 Mei 1972 alipigwa risasi katika mkutano wa kampeni huko Laurel, Maryland, na tangu hapo hakutembea tena. Chisholm akaenda hospitali kumjulia hali. Mwanamke mweusi, kando ya kitanda cha mtu aliyefanya utengano kuwa bendera yake. Wallace akamwuliza watu wake watasema nini. Akamjibu kwamba anajua watakachosema, lakini asingetaka yaliyompata yeye yampate mtu yeyote. Wallace alilia. Na kweli watu wa Chisholm walimkasirikia sana.

Hakuna alichokibatilisha pale. Hakusema ubaguzi ulikuwa kosa dogo, wala hakuacha kuupinga alipotoka mlangoni. Alikuwa na maoni mawili juu ya mtu mmoja, akayaacha yote mawili yasimame, kila moja mahali pake. Na mkiliangalia jibu lake, hata yeye alitumia lakini. Ila la kwake lilielekea upande mwingine: watu wangu watasema hivi, lakini. Alilitumia kujitenga na hasira za upande wake, si kujisogeza karibu na risasi.

Wa tatu nitamjibu kwa upole, kwa sababu swali lake lina uchungu wa kweli ndani yake. Tarehe 14 Juni 2025 Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa baraza la wawakilishi la jimbo la Minnesota kupitia chama cha Democratic, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe. Usiku huohuo seneta wa jimbo hilo, John Hoffman, na mkewe walijeruhiwa kwa risasi nyumbani kwao. Miezi mitatu baadaye alipouawa Kirk, watu wa pande zote mbili walikuwa wakishikana mashati: nyie mlikuwa wapi Juni, nyie mko wapi leo. Kuuliza hivyo ni haki. Ila swali hilo ni la kulaumu, linawahusu watu na ukimya wao, na halipaswi kukaa mahali pa laana. Ukilifanya sharti la kulaani, utakuta kila upande unangoja mwenzake aanze, na aliyekufa anazikwa hali bado wanahesabiana.

Kwa hiyo ukiulizwa mbona hukulaani lile la zamani, na ni kweli hukulaani, unaweza kujibu: "Sikulaani, nilipaswa, nakilaani sasa." Laana haina tarehe ya mwisho. Nawe uliyesema "nalaani kitendo hiki, lakini naye alizidi", ninachokuomba ni kidogo tu. Weka nukta baada ya "hiki". Uliyonayo dhidi ya maneno yake yaweke kwa kesho, katika sentensi yake yenyewe, nami nitakuja kuyasikiliza.