Kiini cha atomu hakishikwi na graviti
Kwenye magrupu bado unazunguka ujumbe kwamba graviti inayoangusha embe ndiyo hiyo hiyo inayoshikilia kiini cha atomu. Si kweli. Protoni, chembe zilizomo ndani ya kiini, zina chaji chanya ya umeme, hivyo husukumana, na msukumano huo unaizidi graviti kati yao takriban mara 1 yenye sifuri 36. Kinachozibana ni nguvu kali ya nyuklia, ambayo nje ya kiini karibu haipo. Kokotoa mwenyewe uwiano wa msukumano na graviti kwa kanuni za sekondari: ya Newton (graviti) na ya Coulomb (chaji). Umbali kati ya protoni wala huuhitaji, unajikata unapogawanya. Mkanganyiko unaeleweka: ndani ya Jua, graviti hubana hidrojeni hadi viini viungane. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Hata nadharia ya kuunganisha nguvu zote, graviti na ya nyuklia zikiwemo, bado inatafutwa.