Moja si namba tasa

Nimesikia tena mtu akizitaja namba tasa kwa sauti ya uhakika: "Moja, mbili, tatu, tano, saba..." Waliomsikiliza wakaitikia. Hapo kwenye "moja" ndipo ninaposhindwa kunyamaza.

Namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili, si zaidi wala si pungufu: 1 na yenyewe. Namba 7 ina 1 na 7. Namba 9 si tasa kwa sababu 3 nayo huigawa. Namba 1 ina kigawo kimoja tu, kwa hiyo haimo.

Nadhani kinachopoteza watu ni neno lenyewe. Tasa ni asiyezaa, na ukiitazama 1 kwa jicho hilo huoni iliyo tasa kuliko hiyo: izidishe kwa yenyewe hata mara mia, utapata 1 ile ile. Lakini utasa wa namba hautazamwi kwenye kuzidisha, hutazamwa kwenye kugawanya. Jaribu kuipasua 7 katika namba nzima ndogo zaidi zinazozidishana kuifanya 7, haitoi kitu. Kwenye kuzidisha mambo hugeuka kabisa, maana namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote kuanzia 2. Waarabu huziita "awali", na Wagiriki wa kale waliziita "protos", yaani za kwanza, zilizotangulia. Kiswahili kilichukua shufwa (namba zinazogawanyika kwa 2) na witiri (zisizogawanyika kwa 2) kutoka Kiarabu, ila hapa kikashika njia yake. Neno letu nalipenda sana. Linataka tu kusomwa upande unaostahili.

Na hao witiri nao huchangia mkanganyiko. Wako wanaodhani witiri na tasa ni kitu kimoja, kisha 1 ikaingia kwa mlango huo. Ingekuwa hivyo, 9 na 15 zingekuwa tasa, na 2 ingefukuzwa, wakati 2 ni shufwa na ni tasa.

Kwa haki, kosa hili lina wazee wake. Mwaka 1742 mwanahisabati Goldbach, akimwandikia mwenzake Euler, aliihesabu 1 kuwa tasa, na orodha kubwa ya namba tasa aliyoichapisha mwanahisabati D. N. Lehmer mwaka 1914 ilianza na 1. Iliyoiondoa ni kanuni moja nzuri: kila namba kubwa kuliko 1 hujengwa na namba tasa kwa namna moja tu, ukiacha mpangilio. Namba 12 ni 2 × 2 × 3, basi. Ikaribishe 1, nayo inakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila kikomo. Chekeche la Eratosthenes, njia ya kale ya kuchuja namba tasa, nalo linaharibika: kila ukiikuta namba tasa unafuta vigawe vyake vinavyofuata. Anza na 1 uone kama 2 itapona.

Basi 1 si tasa, wala haimo katika kundi la 4, 6 na 9. Imekaa peke yake. Na wewe unayefundisha "hugawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu", naomba useme "ina vigawo viwili tofauti". Mwanafunzi ataanza na 2 bila kusahihishwa.